Firigisi ya Ukweni

Kaka yangu Ishaka hali nyama. Hali kuku, hali samaki, hali mayai, na maziwa hayagusi hata kwenye chai. Nayasema haya mapema ili anayetaka kucheka acheke sasa hivi, amalize, halafu anisikilize. Nimechoka na wanaocheka. Watu wa kwetu hapa Yeoville wamempa jina la Sheikh Mchicha, na wanaomwita hivyo ni walewale wanaokuja kwangu kukopa chumvi.

Hakuzaliwa hivyo. Tulipokuwa watoto Tanga, mimi na yeye tuligombania shingo ya kuku mpaka mama akatupiga wote wawili. Alipokuja huku Afrika Kusini alipata kazi kwenye kiwanda kimoja cha kuku, huko mbele ya Midrand. Kiwanda kilitaka kubandika neno halali kwenye maboksi yake, kwa hiyo kilihitaji Waislamu wenye mkono mwepesi. Kuku wanakuja wananing'inia miguu juu kwenye mnyororo unaotembea, na mnyororo ule haukungojei ujikune. Wenzake wengine walikuwa wakitaja jina la Mungu mara moja, kisha wanachinja msururu mzima. Kaka yangu hakuweza. Kila kuku na Bismillahi yake, Allahu Akbar yake, kuanzia alfajiri mpaka king'ora cha kutoka. Msimamizi alimsema kila siku kwamba anachelewesha kazi.

Jumapili moja mchana alipitiwa na usingizi kwenye kochi, nyumbani kwake, mtaa wa Observatory. Mimi na marehemu mkewe tulikuwa tunachambua mchele. Tukaona midomo yake inasema Bismillahi, na mkono wa kulia unakatiza juu ya kifua, unarudi, unakatiza tena. Tuliacha kuchambua mchele, tukamtazama. Wifi yangu alilia kimyakimya.

Haukupita muda aliweka kisu chini. Akatafuta kazi kwenye ghala la vigae palepale Midrand, kazi ya kubeba na kupanga, na kuanzia hapo nyama ikamshinda, kisha mayai, kisha vyote. Tulipomuuliza alijibu, "Nimechinja vya kutosha." Hakumkataza mtu kula. Kwangu mbuzi anapikwa, naye anakaa meza hiyohiyo na maharage yake, anaomba pilipili kama watu wengine. Msikitini kuna mzee alimfuata akamwambia anajiharamishia alichohalalisha Mwenyezi Mungu. Ishaka akamjibu kwa upole, "Sijaharamisha kitu. Bamia nayo ni halali, na wewe huli." Mzee akakasirika. Mimi ningemwambia zaidi ya hapo.

Mkewe alipofariki alimwachia binti mmoja, Yasmin, nami shangazi mtu nikamalizia kumlea. Amezaliwa hapa, Kiswahili anakisikia chote lakini mara nyingi anakujibu kwa Kiingereza. Yeye ndiye aliyeleta neno nyumbani. "Shangazi, baba ni vegan. Wako wengi duniani." Nikafurahi kusikia wako wengi, maana mimi namjua mmoja tu.

Sasa niwaambie habari za Othmani.

Othmani ni kijana wa kwetu, anaendesha gari la vifurushi huko Randburg. Ananukia vizuri, ana maneno laini, ukimwona anavyoinama kukuamkia unamsamehe dhambi zake zote kabla hujazijua. Alianza kuja kwa ajili ya Yasmin na akawa anakuja kwa ajili ya chakula pia. Maharage ya nazi aliyopika kaka yangu kwa mkono wake, na chapati zilizosukumwa kwa mafuta bila hata tone la samli, alizila mpaka akaramba vidole. "Baba, haya maharage yanashinda nyama," alisema, mimi nikiwa nimekaa hapo nasikia. Nilimpenda yule kijana. Ndiyo maana jambo hili bado linaniuma.

Baba yake alishafariki, na mkubwa wao ni baba yake mkubwa, Mzee Burhani, anayeuza vipuri vya magari Pretoria. Posa tulishaipokea. Lililobaki ni Mzee Burhani kutaka kula sinia moja na baba wa binti kabla ya kupanga siku ya ndoa. Alisema yeye haozeshi kwa mtu ambaye hajala naye. Mimi nililiona ni jambo zuri, la kiungwana.

Ishaka akampigia simu Othmani mbele yangu. "Mwanangu, mwambie baba yako mkubwa kwamba mimi nyama sili. Wasisumbuke kunipikia. Nitakuja na changu, nitakaa nao sinia moja, mazungumzo yatakuwa yaleyale."

"Sharp, baba, nitamwambia." Jioni yake akapiga mwenyewe. "Nimeshawaambia, baba. Wanajua wote. Usiwe na wasiwasi."

Mimi nilikuwa nao wasiwasi. "Kaka," nilimwambia, "hata kama wanajua, mtu haendi ukweni na chakula chake. Umesahau ulikotoka?" Kwetu ukiingia nyumba ya watu na kisahani chako, wanaelewa jambo moja tu, kwamba unaogopa kulishwa kitu. Na kwa nyumba ya Burhani ndiyo mbaya zaidi. Marehemu mama yake alisemwa sana kule Tanga kwa sababu ya mgeni aliyekula kwake akafa. Uzushi mtupu, mgeni yule alikuwa na ugonjwa wa moyo, lakini ukoo ule uliishi na maneno hayo mpaka wengine wakahama mji. Kwa hiyo nilikataa kumfungia chakula. Nikamwambia tutaondoka mapema, tutakula Pretoria. Mji mkuu, balozi za dunia nzima ziko pale, tutakosa maharage? Atakula ashibe, na akifika kwa watu atachezesha vidole kwenye kachumbari, hakuna atakayemtazama. Akakubali.

Jamani, ule mji ulininyanyasa.

Tulianzia garage moja ya petroli njiani, hatujafika hata mjini. Vitafunio vyote kabatini vilikuwa na nyama ndani, na kimoja walichokiita cha mboga kilikuwa kimejaa jibini. Mbele kidogo tukaona chipsi. Ishaka akainama akachungulia kikaango, akaona soseji nene zinaelea kwenye mafuta yaleyale. Akamuuliza binti aliyekuwa anakaanga kama kuna mafuta mengine. Binti akamwangalia kana kwamba ameomba kikaango cha dhahabu. "Baba, ni mafuta tu." Tukaondoka.

Sunnyside kuna Wakongo wengi, nikasema hapa sasa tumefika nyumbani. Tukamkuta Mama Léocadie, mtu wa Bukavu, kafungua mgahawa wake mdogo nyuma ya saluni. Harufu ya sombe, kisamvu chao, imejaa mpaka barabarani. Nikamwambia kaka yangu anataka chakula kisicho na nyama.

"Hakuna shida, mama. Mu hii sombe nyama haiko. Iko samaki tu."

"Samaki naye hali."

"Ndagala ni mukavu, nilitwanga kabisa, hauoni hata kichwa."

"Mama, hali kabisa. Huna isiyo na samaki?"

Akashika kiuno. "Sombe bila samaki? Ile itakuwa majani ya mbuzi. Papa, uko mgonjwa? Daktari njo alikukataza?" Ishaka akasema hapana, ni yeye mwenyewe tu. Mama Léocadie akamhurumia kwelikweli, akampa ndizi mbivu mbili bure na kumwombea. Alikuwa na roho nzuri, siwezi kumlaumu, lakini ndizi mbili hazimshibishi mtu anayebeba vigae.

Ndipo nikamkumbuka Yasmin na wenzake wengi duniani. Nikampigia, akatutafutia kwenye simu yake mgahawa wa watu hao hasa, upande wa matajiri. Tukaenda. Kijana wa mlangoni alitutazama kuanzia kofia ya kaka yangu mpaka viatu, akauliza kama tumekuja kuleta mzigo. Nikamwambia tumekuja kula kama hao waliokaa. Alitukalisha karibu na choo. Ishaka alinyoosha kidole kwenye jina la chakula ambacho mhudumu aliapa hakina mnyama ndani, na tukangoja.

Kikaja kuku. Siongezi chumvi. Lilikuwa paja la kuku kwa umbo, limekaangwa, ngozi juu ina vipele, na chini wamechomeka kijiti ndiyo mfupa. Mhudumu akacheka kwa furaha. "Ni soya! Huwezi kujua tofauti!" Kaka yangu aliitazama sahani ile muda mrefu. Akaiweka pembeni polepole, akafuta mikono, ingawa hakuwa amegusa kitu. "Namkimbia," aliniambia, "na wao wanakaa kumtengeneza upya." Tulilipa na hatukula. Nilitoka pale nikiwa na hamu ya kumpiga mtu, na wa kumpiga simwoni.

Chakula tulikipata mahali ambapo tungeanzia kama tungekuwa na akili. Karibu na stendi ya teksi alikuwepo mama mmoja na sufuria zake, anauza pap, ugali wa huku, maharage ya kuchemsha kwa maji na chumvi, na mboga za majani. Hakuuliza maswali. Alimjazia kibweta cha kutupwa mpaka mfuniko ukagoma kufunga. Ishaka akakaa kwenye gari, akala vijiko vitatu vinne, na uso wake ukaanza kurudi. Simu ikalia. Alikuwa Mzee Burhani.

"Mko wapi? Watu wamekaa, chakula kinapoa!"

Kule kuzunguka kote kulitumalizia saa. Nikawasha gari. "Kula njiani," nikamwambia. Akasema mwendo wangu unamwagia mchuzi kwenye kanzu, na hapo alisema kweli. Tulipofika Laudium, kwa Mzee Burhani, kibweta bado kilikuwa nusu, na yeye bado ana njaa.

"Kiache humu," nikamwambia.

"Tumu, nina njaa. Na Othmani kawaambia. Wanajua wote."

"Ishaka, kiache!"

"Nilimwambia nitakuja na changu. Nimekuja nacho."

Akaingia nacho, kwenye mfuko wa plastiki, mkono wa kushoto.

Wanaume walikaa kwenye zulia sebuleni, sisi wanawake chumba cha pili, mlango wazi, kila kitu nakiona. Mke wa Mzee Burhani, Bi Ummi, alitupokea vizuri, udi unafuka. Sinia likaletwa. Wali wa nazi, na juu yake kuku mzima wa kienyeji, amekaa katikati kama bwana harusi. Othmani alikuwa amekaa mkono wa kulia wa baba yake mkubwa. Ishaka akasema Bismillahi, akafungua mfuko, akaweka kibweta chake pembeni ya sinia, upande wake. Akatabasamu. Masikini kaka yangu, alitabasamu.

Mzee Burhani aliacha kunawa. "Hicho nini?"

"Maharage, mzee. Kama alivyowaambia kijana."

"Kijana kasema nini?" Akamgeukia Othmani. "Umeniambia nini wewe?"

Kila mtu akamtazama Othmani. Mimi nikamtazama kutoka kule niliko, nikasema moyoni, haya mwanangu, ndiyo zamu yako. Sentensi moja tu. Baba Yasmin hali nyama, nilisahau kuwaambia. Othmani akaangalia wali. Akafyatua kicheko kidogo, akasema, "Labda mzee ana mambo yake."

Mambo yake!

Bi Ummi aliyekuwa karibu nami aliinuka. "Umekuja nyumbani kwangu na chakula chako? Chakula kilicholiwa? Unatuogopa?" Sauti ilimkatika. Nilijua anamfikiria mama mkwe wake marehemu, nikainuka na mimi nieleze, lakini Mzee Burhani aliinua mkono watu wote wakanyamaza.

"Sitaki maelezo," alisema. "Maneno ya mama yangu nimeyasikia tangu sijaota ndevu. Kama hutuogopi, kula. Ukishindwa, chukua maharage yako, mchukue na binti yako." Akaingiza vidole ndani ya kuku, akatoa firigisi. Kwetu firigisi anapewa mtu mkubwa kuliko wote waliokaa, ni heshima, huwezi kuikataa ukabaki mgeni. Akaiweka juu ya wali, mbele ya kaka yangu.

Sikumlaumu Mzee Burhani kwa yote, na simlaumu hata leo. Aliona tusi, akajibu tusi. Macho yangu yalikuwa kwa Othmani, naye alikuwa bado anautafiti ule wali.

Ishaka alifunika kibweta chake. Akasema, "Bismillahi, Allahu Akbar." Hakuna mtu wa kwetu anayesema vile akitaka kula. Akaichukua firigisi, akaitia mdomoni, akatafuna mpaka ikaisha, akameza. Kisha akala kipande cha kidari, kisha kingine, kila alichowekewa. Mzee Burhani akacheka, akamkumbatia, akasema sasa tumekuwa ndugu. Siku ya ndoa ikapangwa palepale. Bi Ummi akanibusu, eti tusameheane. Mimi nilitabasamu mpaka mashavu yakaniuma.

Kurudi, niliendesha polepole mpaka tukaikaribia Midrand. Nilikuwa nikimwangalia kwa pembeni nikisubiri aniambie nisimamishe gari atapike. Hakutapika.

"Ilikuwa tamu, Tumu," alisema. "Tamu sana. Nilikuwa nimesahau." Akageuza uso dirishani, nikaona mabega yake yanatikisika. Nilimsonya dereva wa lori lililokuwa mbele yangu, nikampigia honi na kumtukana, naye hakuwa amefanya kosa lolote.

Nyumbani Yasmin alikuwa amesimama mlangoni na simu mkononi. Hakutuamkia. Alituonyesha picha. Baba yake amekaa kwenye zulia, shavu limevimba chakula, mkono una mafuta. Juu yake Othmani ameandika, "Sheikh Mchicha amepona," na nyuso za kucheka machozi.

"Baba, ulikula kwa kupenda?"

"Kwa kupenda," alisema Ishaka. "Chakula kilikuwa kizuri. Siku imepangwa, mwanangu. Hongera."

Akanitazama. Nilielewa anachoniomba, na kwa heshima ya kaka mkubwa ningepaswa kunyamaza. Sikuweza. Nilikuwa na hasira, na sijui kuwa nazo kimyakimya. Nilimweleza Yasmin yote, tangu kibweta mpaka firigisi, na Othmani na wali wake. Ishaka akasema, "Tumu, basi," na mimi nikaendelea.

Yasmin akapiga simu, akaiweka sauti juu.

"Othmani. Uliwaambia kwamba baba hali nyama?"

Othmani akacheka kidogo. Kisha, "Eish, mpenzi. Ningeanzaje? Wangenicheka. Si yameisha vizuri? Mzee kala, wote happy."

"Wangekucheka wewe," alisema Yasmin kwa Kiswahili kilichonyooka, ambacho sikujua anacho. "Ndiyo ukaacha wamcheke yeye. Waambie kwenu wasihangaike na ukumbi." Akakata. Simu ikalia tena, akaizima kabisa.

Nilitaka kumkumbatia. Nilitaka kupiga vigelegele, nasema kweli. Nikamgeukia kaka yangu nikidhani nitaona ameshushwa mzigo, na nikakuta amesimama katikati ya chumba, macho mekundu, mshipa umemtoka shingoni. Kwa maisha yetu yote sijawahi kumwona Ishaka amekasirika. Kwenye kiwanda hakukasirika, msikitini hakukasirika, kwa Burhani hakukasirika. Alitukasirikia sisi.

"Kwa hiyo mimi nimekula kwa ajili ya nini?" aliuliza.

Yasmin akashusha simu. Akaniangalia mimi, mwenye maneno.

"Niambieni," alisema kaka yangu, sauti imepanda mpaka jirani akafungua dirisha. "Nimekula kwa ajili ya nini?"